Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: popo, ada na suala la makofi

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Kazi za kawaida za mwaka mnazijua, nitazipita haraka. Tumefyeka njia mara mbili, tumeotesha miche ya mikuyu na misufi, tumekwenda skuli mbili kuzungumza na watoto, na kila mwisho wa mwezi tumewahesabu popo wetu wa Pemba jioni wanapotoka kwenda kula. Vitabu vya fedha viko kwa mshika fedha. Anayetaka kuvikagua aje.

Sasa nije kwenye makofi, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengi wenu leo.

Mwezi wa Machi kamati iliwakataza watembeza wageni kupiga makofi na kelele chini ya miti ili popo waruke wapigwe picha. Pendekezo lilikuwa langu, sikani. Tangu siku hiyo nimeambiwa nimewakatia vijana riziki, na wapo waliosema mwenyekiti anawapenda popo kuliko watu. Mapato ya kiingilio yameshuka kutoka shilingi 1,340,000 hadi 910,000. Sikuyaficha hayo na sitayaficha.

Lakini nisikilizeni. Popo wetu akitandaza mabawa, ncha hadi ncha ni karibu mita moja na nusu, na usiku huruka mwendo mrefu kutafuta chakula. Mchana ndio usingizi wake. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, naye hubebwa kifuani akinyonya. Ukilishtua kundi zima saa saba mchana, mama anaruka na mzigo wake juani, na akishindwa mtoto anaanguka. Februari, baada ya kundi moja la wageni kuondoka, niliokota watoto wawili chini ya msufi mkubwa. Nilikuwa peke yangu. Niliwafukia mwenyewe, na usiku ule sikulala. Anayesema nimeamua kwa kiburi hakuwepo.

Wazee wanakumbuka bunduki zilivyokuwa zikilia kwenye miti ya popo. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache sana, na mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, iliwaweka katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hesabu za miaka ya 2000 zikapata karibu 20,000, wakahamishiwa daraja la hatari ndogo zaidi. Kilichowarudisha ni watu wa vijiji kama Kidike kukubali kuilinda miti. Popo huyu hayupo popote duniani ila Pemba. Tukimpoteza hapa, hakuna pa kwenda kumwazima.

Kwa wanaolalamikia maembe na mashelisheli: ni kweli anakula. Ila anapenda yaliyoiva, na mbegu ndogo kama za mkuyu anazimeza na kuziangusha mbali, mahali ambapo mimi na wewe hatujapanda kitu. Msitu unajiotesha kwa mwendo wake wa usiku.

Kwa hiyo katazo linabaki. Vijana nimewaambia wawafundishe wageni kukaa kimya na kusubiri magharibi, kundi liondoke lenyewe. Wawili wamejaribu, na wageni wao walirudi wakiwa wameridhika. Wengine hawajataka kujaribu.

La pili linaniumiza zaidi. Wanachama tuko 64. Waliolipa ada ya shilingi 12,000 ni 23. Mkutano wa Agosti walikuja 11, sita kati yao wakiwa wa kamati. Haukufaa kupitisha jambo lolote, tukanywa chai tukaondoka. Mafuta ya pikipiki ya mlinzi kwa miezi mitatu nimeyalipa mfukoni mwangu, na risiti ninazo. Sisemi ili nishukuriwe. Nasema kwa sababu waliosimama barazani kulaumu katazo la makofi, wengi wao majina yao hayamo katika daftari la waliolipa. Mwenye ada ana haki ya kunipinga, na atanisikia nikimjibu. Asiyelipa aanze na hilo.

Mwakani tunatumai, Mungu akipenda, kupata uzio upande wa makaburi, na pengine darubini mbili kwa wageni. Nimezungumza na sheha, ameonyesha nia njema. Miche pia tutaongeza, kwa kadiri mvua na fedha zitakavyoruhusu.

Daftari la ada liko mezani, mshika fedha atakaa hadi laasiri.

Wabillahi tawfiq.