Mhariri, kabla ya kumtuma mwandishi na kamera mpe kwanza nusu siku ya kujiandaa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na tangu mlipoanza kuweka ripoti fupi za video pembeni ya habari za maandishi naziangalia karibu zote, nyingine narudia mara mbili mara tatu. Siandiki kulaumu, naandika kwasababu hii kazi naipenda na nimeifanya miaka kadhaa, na kuna kitu kimoja naona kinawaangusha vijana wako ambacho hakihusiani na kamera wala simu wanazotumia. Wanafika kwa mtu wa kuhojiwa hawajui wamefuata nini.

Na inaonekana kabisa. Mwandishi anamsogezea mtu maiki anauliza "Unalizungumziaje suala hili?", yule mtu anakohoa kidogo, anashukuru kwa kupewa nafasi, anasema changamoto ni nyingi na anawaomba wahusika waliangalie, basi, sekunde 40 zimeisha na mimi niliyekaa naangalia sijaambulia kitu. Yule mtu ana mambo kibao ya kusema, hakuulizwa tu.

Nalijua hili kwasababu limenikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kuchukua video ya fundi cherehani mmoja mzee ambae macho yanafifia lakini bado anashona. Nimeambiwa asubuhi, saa nne niko mlangoni kwake na kamera begani. "Shikamoo mzee, kazi hii ina changamoto?" Akanijibu "Marahaba mwanangu, changamoto zipo." Nikauliza anajisikiaje macho yakimsumbua, akasema "vibaya". Nikarudi na rekodi ya dakika 12 ambayo ndani yake hakuna hata sentensi moja ya kutumika, na juu ya hapo kulikuwa na feni inazunguka nyuma yake muda wote, sauti ikatoka kama mtu anaongea ndani ya gari linalotembea.

Nikaomba kurudi. Siku ya pili nilienda mikono mitupu, nikakaa kwenye kibenchi chake kama saa moja na nusu, napiga nae stori na kumwangalia anavyofanya kazi. Ndipo nikaona kwamba kwenye kutunga uzi hatumii macho kabisa. Analowesha ncha ya uzi mdomoni, anaubana kati ya dole gumba na kidole cha shahada mpaka kinabaki kincha kidogo sana juu, alafu anaishusha sindano kwenye uzi, sio uzi kwenye sindano. Anakosa mara ya kwanza, anakosa ya pili, ya tatu inaingia. Vifungo vyeupe na vile vya rangi ya maziwa anaviweka makopo mawili yanayofanana, moja kalifunga mpira ili mkono uligundue. Hayo yote yalikuwepo pale pale siku ya kwanza nilipokuwa nahangaika na stendi ya kamera.

Siku ya tatu nikaja na kamera na maswali matano, tena la kwanza wala halikuwa swali, nilimwambia "Mzee naomba utunge uzi, alafu unielezee unavyofanya." Akaongea dakika nne hajasimama. Aliposema "sikuhizi mkono ndio unaoona" nikajua ripoti nimeshaipata.

Kwahiyo Mhariri ninachokuomba ni hiyo siku ya pili. Najua habari ya moto haisubiri, ajali ikitokea mtu anakimbia na alichonacho, hilo silibishii. Ila zile ripoti zenu za dakika tatu kuhusu maisha ya watu, kazi zao, shule, maji, barabara, hizo hazikimbii popote, na nusu siku ya kujiandaa inaokoa siku mbili za kuhangaika kwenye kuedit.

Kitu cha kwanza kabisa mwandishi aandike sentensi moja tu kwenye daftari, nani anafanya nini na kwanini inatuhusu. "Maji mtaani" ni mada, huwezi kuipiga picha. "Mama mmoja anaamka saa tisa usiku kupanga foleni ya maji ili watoto wasichelewe shule" hiyo ni stori, ukiisoma tu unajua utamfuata nani, saa ngapi, na utasimama wapi na kamera. Kama sentensi haiji basi bado hajapiga simu za kutosha, apige nyingine, na akipiga asikilize nani anaeleza kitu mpaka unakiona, kwasababu mwenye cheo kikubwa sio lazima awe ndio msimuliaji mzuri. Mara nyingi unahitaji watu watatu tu, mmoja ambaye jambo lenyewe linamkuta, mmoja anayelijua jambo kitaalamu, na mmoja anayewajibika nalo au analalamikiwa. Huyu wa tatu vijana wanamkumbuka mwisho wakati ripoti inatoka jioni, wanampigia saa kumi na moja, hapokei, wanaandika "jitihada za kumpata hazikuzaa matunda". Sio haki kwake na sio haki kwetu watazamaji. Apigiwe siku ya kwanza, aambiwe tuhuma zote waziwazi, apewe muda wa kujibu.

Alafu wapige hesabu ya muda. Dakika tatu ni sekunde 180. Ukiweka vipande vinne vya mahojiano vya sekunde 15 kila kimoja, hiyo ni dakika nzima imeondoka. Acha sekunde 20 za sauti za mahali penyewe, cherehani linalia, mlango unafunguliwa. Zinabaki sekunde 100 za maelezo yako, na mimi nikisoma kwa mwendo wa kawaida natumia kama maneno 110 kwa dakika, maana yake skripti nzima haifiki maneno 190. Sasa mtu anaenda kuhoji watu nane nusu saa nusu saa, masaa manne ya rekodi, ya kazi gani? Nani atayasikiliza?

Kwenye maswali ndio kwenyewe. Swali linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana lifutwe. Maswali mawili ndani ya moja yatenganishwe, maana mhojiwa atajibu lile rahisi. "Ilikuwaje siku hiyo?", "nipeleke pale ulipoanza", "ulifanya nini baada ya hapo", hayo yanafungua mtu. Na usimtumie mtu maswali neno kwa neno kabla, mwambie maeneo mtakayozungumzia inatosha, la sivyo utamkuta amekariri majibu kama shairi. Sauti ya mwandishi mara nyingi inakatwa, kwahiyo mwombe mhojiwa jibu lake libebe swali, ukimuuliza ameanza lini asikujibu "miaka 30", aseme "nimeanza kushona miaka 30 iliyopita". Wakati anaongea usiitikie "mhm, eeh", tikisa kichwa tu, maana kila "eeh" yako inaingia kwenye maiki na huwezi kuitoa. Na akimaliza kujibu usirukie swali lingine, hesabu moja mbili tatu kimoyomoyo ukiwa unamwangalia. Hapo kwenye ukimya ndipo watu wanaongeza lile ambalo walikuwa hawajapanga kulisema, sijui kwanini iko hivyo lakini imenitokea mara nyingi mno.

Mwanzoni kabisa kamera ikiwa inarekodi aseme jina lake, kazi yake, na alitaje herufi kwa herufi. Mmewahi kukosea majina ya watu kwenye video zenu zaidi ya mara moja, na mtu aliyekupa siku yake nzima akaona jina lake limeandikwa vibaya anaumia.

Picha nazo zipangwe kabla. Orodha fupi tu kwenye karatasi, mikono inafanya kazi, uso wa anayefanya, pale alipo kwa upana, kinachoonekana ukisimama nyuma ya bega lake, na moja ya pembeni utakayoiona ukifika. Kila picha ishikwe sekunde 10 bila kuhamahama wala kuzuumu. Hizi ndizo zinazokuja kufunika pale unapokata maneno ya mhojiwa, bila hizo kichwa chake kinaruka kushoto kulia kila baada ya sentensi. Ndio maana uzi na sindano ulikuwa na thamani kwangu kuliko mahojiano yote ya siku ya kwanza, kitu anachokisema unakiona.

Sauti, Mhariri, sauti! Picha yenye giza kidogo mtu anaivumilia, sauti mbovu anafunga hapo hapo. Mwandishi akiingia chumbani asimame kimya nusu dakika asikilize, feni, friji, redio ya jirani, jenereta. Aombe kuzima kinachozimika, akizima friji aweke funguo zake juu yake ili asiondoke bila kuliwasha. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo ikae upana wa kiganja chini ya kidevu, isisuguane na mkufu wala kola, na avae hedifoni muda wote sio mwanzoni tu. Kabla ya kutoka arekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile, mtu wa kuedit atamshukuru.

Vifaa nisiviseme sana. Betri zimejaa, ya akiba ipo, lenzi imefutwa, simu iko kwenye modi ya ndege ili mtu asipige katikati ya mahojiano. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde dakika moja inakula megabaiti 375, nusu saa inapita gigabaiti 11, kwahiyo nafasi iangaliwe nyumbani sio mbele ya mhojiwa. Na pale penye umeme wa hezi 50, yaani unaopigapiga mara 50 kwa sekunde, shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga wa kila picha) iwekwe 1 kwa 50 ya sekunde, na fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde, la sivyo taa zingine zinapepesa kwenye picha mpaka macho yanauma.

Kuna jambo moja ambalo naomba mlichukulie kwa uzito kuliko haya yote. Mtu anayeogopa kutambulika, mliwahi kumweka mmoja mbele ya dirisha ili aonekane kivuli. Kile kivuli kinaweza kuongezwa mwanga kwenye programu ya kawaida ya kuedit na sura ikarudi. Mtu wa namna hiyo apigwe picha za mikono tu au mgongo, na hapo pia iangaliwe pete, kovu, tisheti yenye nembo ya kazini, sauti ibadilishwe kabisa au maneno yake yasomwe na mwingine. Hii haiamuliwi papo kwa papo mtu akiwa ameshakaa kwenye kiti, inaamuliwa siku moja kabla, mkiwa wawili watatu mezani, na yeye mwenyewe anaelezwa video itakaa wapi na kwamba ikishasambaa hairudi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali kwanza, na mtoto mwenyewe aulizwe vilevile.

Kama utakubali, mimi nipo tayari kuja kukaa na vijana wako Jumamosi yoyote, sihitaji malipo. Ile rekodi ya dakika 12 yenye feni bado ninayo, na ya siku ya tatu ninayo. Nitakuja na zote mbili tuzisikilize na hedifoni, moja baada ya nyingine, alafu tuchukue ripoti yenu moja inayotoka wiki inayofuata tuandike sentensi yake pamoja.

Ni mimi msomaji wako