Goti likikwama usinifiche

Mwanangu,

Basi lako ni saa kumi na mbili alfajiri, na pale stendi hutanisikiliza, ndiyo maana naandika usiku huu. Habari za kuchaguliwa timu ya chuo nimezipata kwa mdogo wako, si kwako. Nimefurahi sana, sikatai. Ila kocha anajua habari za goti?

Ya siku ile goti lilipokusumbua uwanjani unayajua. Shika maneno ya daktari, maana alipokuwa anaeleza wewe ulikuwa kwenye simu. Lile gegedu lililo kati ya mfupa wa paja na muundi, kwa watu wengi lina umbo la mwezi mwandamo. Lako la upande wa nje umezaliwa nalo nene, duara kama kisahani. Hukulipata kwenye mpira, wala hukurogwa. Ndiyo maana linalia ukikunja mguu, na ndiyo maana huchanika upesi. Eksirei haionyeshi gegedu, mpaka kile kipimo cha MRI. Ningelijua hilo mapema, kwa wale wakandaji nisingekupeleka mara tatu, na yale maneno kwamba unakwepa kuchota maji yasingenitoka.

Likilia bila kuuma, liache. Likivimba, au likikwama ukashindwa kunyoosha mguu, usilivute na usimpe mtu alikande. Nenda hospitali siku hiyohiyo, unipigie, hata usiku wa manane. Gegedu likichanika madaktari hupunguza sehemu ya katikati kwa kupitia matundu madogo, ukingo wanauacha. Zamani waliliondoa lote, na watu wakasagika magoti mapema. Kwa hiyo usije kuniambia "nilidhani litapoa", kama mwaka jana.

Mazoezi ya paja usiyaache: lala chali, inua mguu ulionyooka. Hosteli omba chumba cha chini, na kama kuna choo cha kukaa tumia hicho, kuchuchumaa kunalibana. Goti la kushoto nalo lichunge, huweza kuwa yote mawili.

Ada nusu imeshalipwa, nusu tukiuza mahindi. Baba yako anasema paa la jikoni lisubiri. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja ni wako. Mdogo wako naye jana kasema goti linamlia akipanda ngazi. Jumatatu nampeleka hospitali, sikumwambia kitu.

Kadi ya bima iko mfuko wa ndani wa begi, chini ya shuka la bluu. Kocha mwambie kabla ya mazoezi ya kwanza, halafu unijibu amesemaje.

Mama yako