Kwa mwanangu, kabla hujapanda ndege ya Guangzhou

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo sote, isipokuwa goti la baba yako. Barua hii nimempa binamu yako anayeteremka Dar na treni ya umeme Ijumaa, kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikigusa habari ya hati unasema mtandao unakatika.

Hati ya nyumba iko wapi? Mdogo wako alifungua sanduku kutafuta cheti chake cha kuzaliwa, akakuta bahasha tupu. Nilipomuuliza baba yako akaanza kukohoa. Basi nimeelewa kwamba amekupa. Ninachotaka kujua ni kama imeshafika benki kuwa dhamana ya mkopo wa hilo kontena lako, au bado unayo wewe. Kama unayo, irudishe na binamu yako huyo huyo.

Usidhani nina ugomvi na Uchina. Miaka ya mwanzo ya themanini nilipanga foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya kanga, pesa ninazo na dukani hamna kitu. Mwaka 1984 waliporuhusu mwenye dola zake aagize mali bila kuulizwa amezitoa wapi, halafu Mzee Mwinyi akaja na ruksa yake, tulipumua. Vitenge ninavyoshona leo vingi vinatoka huko huko unakokwenda, na ada ya dada yako ilitoka kwenye vitenge hivyo. Wewe nawe ulianza kwa kutembeza soksi mkononi, leo una fremu Kariakoo na vijana wawili wanaokula kwa jasho lako. Nimewasimulia mpaka majirani ambao hawakuuliza.

Lakini baba yako naye alikuwa na kazi yake kiwandani, enzi watu wakiuita Morogoro mji wa viwanda. Mali ya nje ilipomiminika kwa bei ambayo wao hawakuiweza, geti likafungwa. Nisiwasingizie wageni peke yao: mashine zilikuwa zimechoka, vipuri vilitaka dola, na wakubwa wengine walikula walichokikuta. Ila waliotushinda kwa bei hawakujua hata kama yuko mtu anaitwa baba yako. Hapo ndipo ninapoogopa. Bei ya mzigo wako inapangwa na watu wasiokujua, na siku ikigeuka huna wa kumlalamikia. Mwaka 2021 nauli ya makontena ilipanda dunia nzima kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 dola zikaadimika hapa kwetu. Na Guangzhou hiyo hiyo, Aprili 2020, Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba walizopanga, hoteli zikawakataa, wengine wakalala barabarani. Nawaza ni wangapi kati yao walikuwa wameshalipia mzigo.

Julai 2025 serikali ilipowakataza wageni kufanya biashara ndogondogo za aina 15, ulinipigia ukicheka. Mimi nikawaza: na hao wenye nchi yao wakiamua kutufanyia vivyo hivyo?

Faida ya kontena moja mnagawana wengi: mwenye kiwanda, wakala wa kule, mwenye meli, bandari, forodha, mwenye fremu na kilemba chake. Hasara ikija, wote hao wameshalipwa. Anayebaki na benki ni mwenye hati, na mwenye hati analala kwenye nyumba hii hii. Ulimweleza mkeo kabla yangu, sawa, ni haki yake, ila yeye hatahamishiwa vyombo vyake nje.

Changia kontena na wenzako safari hii. Nunua kwa pesa ya mauzo yako, hata kama ni maboksi machache na jirani yako wa fremu anakucheka. Usilipe pesa yote kabla hujaona mzigo umepakiwa, na usiridhike na sampuli. Fungua maboksi ya katikati. Pale Xiaobei, huko huko Guangzhou, ipo migahawa ya Waislamu, usijitie njaa. Chukua na koti.

Najua utanikumbusha ule mkopo wa vikoba na nani aliyeuchukua. Hayo si ya leo. Ule haukuwa na hati ndani yake.

Mabati ya jikoni yanavuja upande wa mwembe. Fundi anataka hela kabla ya kupanda juu, nimemwambia asubiri. Mbuzi mdogo amekufa, mkubwa ana mimba. Kwenye lile debe la mchele, nusu ni ya mkeo na nusu ni ya mama mkwe wako, usichanganye, maana mara ya mwisho maneno yalinifikia mimi. Dawa ya goti la baba yako imebaki ya wiki hii tu. Ukipita famasia umpe binamu yako aje nayo, pamoja na hiyo bahasha.

Na huko ukipata nafasi, niletee sindano za cherehani, namba 14 na 16, na mkasi mmoja mzito wa kukatia kitambaa. Hii ninayonunua sokoni inalegea kabla ya sikukuu. Mmoja tu, usije ukaniletea dazeni ukasema bei ya jumla ilikuwa nzuri.

Mama yako