Chopi si mahali

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo. Mvua za vuli zimeanza na kibanda changu kinavuja pale pale kilipovuja mwaka jana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, ya pili nikacheka, ya tatu nikamwita mama yako, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

Yaani mzee wa watu katoka Pangani, kafikia kwa mwanawe huko Dar, kaletwa kwenye chumba chenu cha mazoezi ya viungo, kakwambia, "Mwanangu, tangu Mfungo Sita naenda chopi," nawe ukamwuliza Chopi ni wapi! Na kwenye fomu ukaandika kwamba mgonjwa husafiri mara kwa mara. Mama yako anasema uitunze nakala ya hiyo fomu, ataisoma siku ya harusi yako.

Chopi si mahali. Kwenda chopi ni kuchechemea. Bibi yako mzaa mama, ambaye naye alikuwa wa Pangani, akimwona mtu anautupa mguu alisema "fulani anachopea", na sisi vijana wa Ngamiani tukijifanya hatumwelewi. Wewe umekulia shuleni, neno ulilopewa ni kuchechemea, na ndilo lililoenea kila mahali. Hilo la bibi limebaki midomoni mwa wazee, tena wazee wenyewe wanapungua.

Hata hivyo kosa lako linasameheka, maana Kiswahili chetu kinapenda sana hii "kwenda". Jahazi likipigwa na mawimbi ubavuni, likawa linalala huku na huku, linakwenda mrama. Tiara ikikatika uzi inakwenda arijojo. Punda akitimka anakwenda shoti. Shughuli ikiharibika imekwenda kombo. Kote huko hakuna kituo cha basi hata kimoja. Mrama limebahatika: leo hata mtu wa Dodoma, ambaye bahari ameiona kwenye kalenda, atakwambia biashara yake imekwenda mrama. Chopi halikupata bahati hiyo.

Umeniuliza pia kama kuchechemea na kupepesuka ni kitu kimoja. Mimi si mwalimu, lakini nimeketi chini kwenye kigoda hiki nikishona viatu miaka 31, macho yangu yako usawa wa vifundo vya miguu vya watu. Wengine nawajua kwa mwendo kabla sijainua kichwa.

Anayechechemea ana mguu mmoja unaomsumbua na mmoja mzima. Neno lote limekaa hapo. Ule mbovu anauweka chini kwa woga na kuuondoa upesi, kama aliyekanyaga kaa la moto. Ule mzima unakawia chini, maana unabeba kazi ya miwili. Ukifumba macho utamsikia: taa-ta, taa-ta, taa-ta. Sisi wengine ni ta, ta, ta.

Anayepepesuka miguu yake inaweza kuwa mizima kabisa, tatizo liko juu: pombe, homa, au saumu iliyokutana na jua la saa nane. Anayejikokota miguu yote miwili imemchosha. Mtoto aliyesimama dede akaangukia matako mara kumi, yule hachechemei, anajifunza tu. Hayo mengine utayajua mwenyewe kwa kuyaona.

Ukitaka kuona watu wakichechemea kwa wingi bila mgonjwa hata mmoja, njoo Idi Mosi. Asubuhi watoto wote wanapita mbele ya kibanda wakiwa wametunisha vifua, viatu vinang'aa. Ikifika adhuhuri wanarudi: huyu anachechemea kulia, yule kushoto, na mmoja daima kavua kabisa kavishika mkononi. Mzazi kanunua kiatu kwa kukadiria kwa macho, kisigino kimetoka malengelenge. Zamani ilikuwa ni funza na miiba. Ukimwona mtoto anakanyaga kwa ubavu wa unyayo, bibi yake keshachukua pini.

Halafu kuna hawa wa magazeti na redio. Uchumi unachechemea, timu inachechemea, mradi wa maji unachechemea. Sikatai, lugha ni ya wote, na timu yenye washambuliaji wazuri na mabeki wa kupitwa kila dakika nakubali kwamba inachechemea, maana kweli ina mguu mmoja mzima. Lakini mradi ambao hauna fedha, hauna mabomba, na mkandarasi haonekani tangu mwaka juzi, huo hauchechemei. Huo umelala. Hata "unasuasua" ni kuupamba. Mtu akichechemea ujue anakwenda.

Sasa nikwambie jambo ambalo huko darasani sijui kama mmefundishwa. Watu huniletea kiatu kimoja, wakasema, fundi, hiki kimeisha, kipige soli. Nami huwauliza, cha pili kiko wapi? Wananiona msumbufu. Lakini soli haisemi uongo. Mtu anayechechemea, kiatu kinachoisha kwanza ni cha mguu mzima, kisigino kinalika kama sabuni. Cha mguu unaouma unakuta kisigino bado kina alama za kiwandani, ila ncha mbele imekwanguka kama mguu unaburutwa, au ubavu mmoja umelika kama anakwepa kukanyaga sawa. Nikiviweka viwili juu ya ubao nakwambia anaumwa upande gani, na mwenye viatu simjui.

Mmoja wa wateja wangu alipooza mguu utotoni, ukabaki mfupi. Namwongezea soli kwenye kiatu kimoja, tabaka juu ya tabaka, za tairi chini na za mpira laini juu. Mara ya kwanza nilimwinua kwa pupa, nikampachika urefu wote kwa siku moja, akarudi jioni akilalamika mgongo na nyonga. Siku hizi naongeza kidogo, anatembelea wiki kadhaa, anarudi. Huyo bwana ukimwambia "mtu mwenye ulemavu" anakukata kauli: "Mimi kiwete, fundi, usinipambe." Ni haki yake, jina ni lake. Lakini siku moja kijana wa bodaboda alimwita hivyo hivyo, "we kiwete, sogea", na nilimwona uso ulivyombadilika. Neno ni lile lile moja.

Ndiyo maana niliposikia kwamba mkuu wako wa zamu amekusahihisha fomu, akafuta "husafiri" na kuandika "ni kiwete", sikufurahi. Simvunjii heshima, anajua mengi nisiyoyajua. Ila litazame hilo neno lilivyo. Kiwete, kipofu, kiziwi, hata kibogoyo, yote ni majina, na jina halina jana wala kesho. Ukishaandika "ni kiwete" umemaliza, hakuna cha kuuliza. Andika "anachechemea" uone maswali yanavyokuja yenyewe: ameanza lini kuchechemea? Anachechemea asubuhi tu au kutwa nzima? Mwaka jana alikuwa akichechemea? Na Mungu akijalia, utaandika siku moja kwamba hachechemei tena. Mzee mwenyewe alikupa jibu la swali la kwanza kabla hujauliza: tangu Mfungo Sita. Muulize kilitokea nini mwezi huo. Huenda alianguka kwenye Maulidi akaona haya kusema.

Na fimbo yake mwangalie anaishika mkono gani. Ulinifundisha wewe likizo ile, kwamba fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, nami nikabisha siku mbili nzima, maana wazee wote niliowaona maishani huishika upande unaouma. Kisha nikajaribu mwenyewe pale uani, nikanyamaza. Tangu hapo nimewasahihisha wateja watatu, mmoja kanitukana.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la asubuhi. Mna mihogo, nazi sita, na yale makubadhi yako niliyoyashona upya ukanda. Chini kabisa, ndani ya mfuko mweusi, utakuta kandambili kuukuu. Ni za mama yako. Usimwambie kwamba nimekutumia, yeye anajua nimezitupa baada ya kumnunulia mpya.

Tangu mwezi uliopita akitoka chumbani alfajiri anapita akishika ukuta. Nikimwuliza anasema kaulalia mguu vibaya. Mchana mbele za watu anajikaza, anatembea kama kawaida, na sokoni haendi tena, anamtuma mtoto wa jirani. Lakini usiku nikiwa kitandani namsikia anakwenda uani kuchota maji: taa-ta, taa-ta.

Zigeuze uzitazame nyayo. Ya kushoto kisigino kimebaki kama karatasi. Ya kulia bado nene. Zote mbili nimekufungia, usiangalie moja. Kisha unipigie simu, lakini piga saa nne asubuhi, nikiwa kibandani.

Wako,
Baba