Risala ya Klabu ya Midahalo kwa Mgeni Rasmi: Umeme Ukiwa Wetu, Nani Atatudhibiti?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Muhula huu klabu yetu ilihangaika na swali moja: shirika la umeme likiwa mali ya wakazi wenyewe, nani alisimamie?

Tulianzia Marekani, ambako mashirika ya namna hii yanakaribia 2,000, mengi yakiwa ya miji midogo. Huko kampuni binafsi inayosambaza umeme majumbani haipandishi bei bila idhini ya tume ya jimbo. Shirika la mji, katika majimbo mengi, halipiti kwenye tume. Bei hupangwa na madiwani au bodi yake. Wisconsin imeona vingine, tume yake hukagua hata bei za miji. Sheria ya shirikisho ya umeme ya mwaka 1935 nayo iliyaacha mashirika haya nje ya sehemu kubwa ya usimamizi wake, ila tangu 2005 yanabanwa na viwango vya uimara wa gridi kama wenzao. Hilo tunaliafiki, maana hitilafu ya mji mmoja huweza kuzima taa za jirani.

Kilichotunogea zaidi ni Sacramento, California, ambako wakazi huchagua bodi ya watu 7. Mwaka 1989 waliulizwa kama kinu cha nyuklia cha Rancho Seco, mali ya shirika lao, kiendelee. Wakakataa, kikazimwa mwezi huohuo.

Mheshimiwa, nasi tukaigiza kikao cha bodi. Mwenzetu aliyekuwa meneja aliomba bei ipande kwa asilimia 9, eti za kununulia transfoma. Bodi ikapitisha kwa dakika 4, na makofi juu. Ndipo msichana wa kidato cha pili, aliyeketi nyuma kama mwananchi, akauliza: "Kwa nini 9, isiwe 6?" Meneja akafunua makaratasi, akafunua tena, akacheka. Namba aliibuni asubuhi akipiga mswaki. Ukumbi ulivunjika mbavu, lakini kura ilikwisha kupigwa.

Ndiyo maana tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kuhudhuria kikao halisi cha kukusanya maoni kuhusu bei za umeme, hata tukikaa kimya. Pili, utupatie vitabu vya uhasibu. Wanachama wetu wanajua kuhutubia, ila wanaoweza kusoma mizania hawafiki watatu, na meneja wetu si mmoja wao.

Tunaomba kuwasilisha.