Barua za ami kutoka kambini

Assalam alaikum yakhe,

Za Dodoma huko? Sie huku Mtambwe, Pemba, wazima alhamdulillah, karafuu si haba, ila mvua inatuchezea, majamvi kutwa kuyatoa na kuyaingiza. Sasa nikwambie kitu mana najua weye habari za vita vya Kagera unazipenda na babako nae alikuwa mgambo. Juzi tulikuwa tunahamisha kabati la marehemu babu ukatoka mfuko wa nailoni umejaa barua za ami, ndugu yake baba, zile alizokuwa akiwaandikia wazee wake alipokuwa kuruta. Wallahi nimekesha nazo.

Ami alijitia jeshini baada ya ile hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, Amin wa Uganda keshavamia Kagera. Jeshi wakati ule lilikuwa dogo bwana, ikabidi waingizwe mgambo, JKT, polisi, mpaka magereza, na vijana kama ami waliokuwa juu ya mikarafuu wakashuka wakapanda meli. Idd kubwa mwaka ule iliangukia wiki iliyofuata, yeye keshaondoka. Kambi gani haandiki, nahisi walikatazwa, anasema tu "huku bara".

Sasa uhondo wenyewe huu. Babu hakwenda skuli, herufi za kizungu hazijui, lakini Kiswahili cha herufi za kiarabu anasoma vizuri sana, kama wazee wetu wengi wa hapa waliopita chuo cha Kurani tu. Kwaiyo barua ikifika anaitwa kijana wa jirani, msomi wa skuli, anaisoma barazani kwa sauti na kila anaepita njia anakaa kusikiliza. Ukizitazama barua, juu kote herufi za kizungu: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, chakula tele, maafande wanatupenda. Halafu chini kabisa, pembeni, vistari viwili vitatu vya herufi za kiarabu, vidogo mpaka utafute miwani. Humo ndo mna barua.

Humo anasema buti zimemchuna visigino vyote viwili, mana kule kwao mtu akitembea na kandambili au peku, na ukichechemea kwenye kwata unarukishwa kichura mpaka mapaja hayakunjiki. Anasema ugali na maharage, ugali na maharage, maharage yenyewe yana wadudu na unakula, tena unatamani yaongezwe. Mchakamchaka alfajiri giza totoro, nyimbo hazijui, anafumbua mdomo tu. Kuna barua moja imejaa bunduki tupu, kuifungua na kuifunga tena macho yamefungwa kitambaa, mpaka anatania kuwa wakimtafutia mchumba wamwambie kabisa ana mke mwenza wa chuma. Hiyo ya mke kaiandika kwa herufi za kizungu lakini, ili baraza icheke.

Iliyonikaa moyoni ni ya Februari 1979, mwezi wa maulidi. Wazanzibari wa kwenye hanga lao la kulala walijikusanya usiku wakasoma maulidi kwa sauti ya chini, bila ubani bila chochote, na usiku uleule yakaja malori yakachukua watu kupelekwa mbele, akiwemo jamaa alokuwa akilala kitanda cha chini yake, blanketi kaliacha halijakunjwa. Chini pale kwa herufi za kiarabu: baba nisomee Yasini, na zile karafuu za fungu langu ziuze umnunulie mama kanga, usimwambie zimetoka kwa nani.

Yeye zamu yake ilichelewa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili yeye bado yuko kambini, alivuka mpaka baadae, na karudi mzima. Jamaa wa kitanda cha chini hajui aliishia wapi. Ndo mana kila tarehe 25 Julai, siku ya mashujaa, wakionesha yale makaburi ya askari wa vita hivyo kule Kaboya kwenye televisheni hataki mtu amsemeshe.

Nikamwendea nikamwambia ami, kumbe ulikuwa ukimficha bibi. Akacheka mpaka akakohoa. Ati bibi yako alihitimu chuo kabla ya babu yako, angezisoma zote, mie nilikuwa namficha yule msomaji, mdomo wake ule angetangaza mpaka soko la Wete kuwa mtoto wa fulani analia kambini. Sawa, nusu namwamini, mana yule msomaji hata leo kazeeka hivo ukimpa siri umetia tangazo redioni. Lakini mstari wa kanga je? Nilipomuonesha akanambia nikaanue karafuu.

Sasa shida yangu, kuna mahala wino umefutika na herufi zenyewe mie nazisoma kwa kubabaisha. Nimepiga picha nakutumia WhatsApp, mpe babako, najua yeye herufi za kiarabu hazijui lakini mambo ya kambi atayajua, kuna neno kama "doso" au "lindo" sielewi lipi. Na yeye barua zake kama zipo muombe asizichome, hata kama humo kasema chakula kilikuwa kizuri.

Nisalimie shemeji na watoto.