Rangi ya biriani iuzwe na jina lake

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Hizi rangi za chakula watu wanazigombania kila siku WhatsApp, huyu anatuma klipu kwamba zote ni kansa, yule anajibu aah bibi zetu wametumia na hakufa mtu. Mi napika biriani za harusi hapa Tanga na kabla ya masufuria nilisoma kemia mpaka fomu six, naona wote wanaruka swali lenyewe: rangi ipi?

Maana ule unga wa njano unaopimiwa kwa kijiko duka la viungo ukafungwa kwenye kinailoni hauna jina wala namba. Ukibahatika ni tartrazini, E102 (hiyo E na namba ni utambulisho wa Ulaya wa vitu vinavyotiwa kwenye chakula), ambayo ipo tangu 1884. Hiyo ni ya ukoo wa azo, yaani katikati ya molekuli kuna nitrojeni mbili zimeshikana kwa bondi mbili na kila upande kuna pete, ndo hapo rangi inapotoka. Njia aliifungua Mjerumani Peter Griess mwaka 1858: unachukua kemikali iitwayo anilini au ndugu zake, nitraiti ya sodiamu na asidi, kwenye barafu kabisa, nyuzi 0 mpaka 5, maana ile chumvi ya diazo inayopatikana ikipata joto imekwisha, basi unaiwahi na molekuli ya pili na rangi inaruka hapohapo unaiona. Ukibadili hiyo ya pili unapata njano, chungwa, nyekundu, kahawia, ndo maana zipo maelfu, za chakula, za nguo, za ngozi, zote ukoo mmoja ila tabia mbalimbali.

Tartrazini wameifunga makundi ya salfoneti yanayoifanya ipende maji, ikifika utumboni bakteria wanaikata pale kwenye nitrojeni, na vipande vyake navyo kwa sehemu kubwa vinatoka tu. Sasa kuna Sudani 1, azo vilevile, lakini yenyewe haina hayo makundi, inayeyuka kwenye mafuta, kazi yake nta na dawa ya viatu. Kuna wajanja waliitia kwenye pilipili ya unga iwake zaidi, pilipili ikaingia kwenye Worcester sauce, sauce ikaingia kwenye vyakula vingine, mpaka Februari 2005 Uingereza wakaondoa madukani bidhaa zaidi ya 400. Na hakuna aliyeisikia kwenye ulimi.

Kuna wanaofundishana kupima kwa glasi ya maji na mafuta, eti rangi ikishuka majini ni salama, ikibaki kwenye mafuta ni sumu. Msidanganyane jamani. Pilipili halisi rangi yake ya asili inakaa kwenye mafuta, na rangi za nguo na za ukili wa mikeka nyingi zinayeyuka majini vizuri tu, na baadhi ya hizo za nguo zilitengenezwa kwa benzidini, kitu kilichowapa wafanyakazi wa viwanda vya rangi kansa ya kibofu.

Afu hata hiyo E102 halali ina kipimo. Ulaya wanasema miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 mwisho wake kama miligramu 112. Gramu moja ya unga safi ni miligramu 1000. Kwenye sufuria ya watu 100 gramu hiyo si kitu, ni miligramu 10 kwa mtu. Kinachonitisha mimi ni ubuyu: mtoto anamaliza pakiti peke yake, na aliyepika shira alikuwa anamimina rangi kwa macho, mtoto analala ulimi na vidole bado vyekundu. Nyekundu za chakula zinazotumika sana, E122, E124 na E129, nazo ni azo, na Ulaya tangu Julai 2010 ukizitia kwenye chakula lazima uandike kwamba zinaweza kuvuruga utulivu na umakini wa watoto, sawa na E102 na E110, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wa 2007 uliopima watoto waliopewa rangi hizi. E124 Marekani hawairuhusu kabisa, Ulaya inaruhusiwa, yaani wakubwa wenyewe hawajakubaliana, sisi tunapimiwa kwa kijiko.

Sisemi zipigwe marufuku, nikose kazi. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndo wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, wakataze rangi ya kupima, kila paketi iwe na jina, namba ya E na aliyeiingiza, na wauza ubuyu waelekezwe kutumia mizani. Na nyie gazetini mkituwekea jedwali la hizo namba, wapishi tutalikata tubandike jikoni.

Mi nanunua kikopo kilichoandikwa, bei imesimama kidogo na nimeshaipandisha kwenye oda. Mteja anayetaka zafarani tupu karibu, aje na hela ya zafarani.

Mpishi wa shughuli,
Tanga